Siku, ciku na chai: dhana potofu kuhusu asili ya maneno ya Wainuit na Wayupik

Dhana inayopotosha wengi ni kwamba maneno yakifanana kwa sauti basi yana asili moja. Katika lugha za Kiinuit, zinazosemwa na wenyeji wa kaskazini ya mbali kuanzia kaskazini mwa Alaska hadi Greenland, siku ni barafu ya baharini. Sisi tukilisikia neno hilo tunakumbuka Jumatatu na Jumanne, lakini mfanano huo ni wa bahati tu. Undugu wa maneno huthibitishwa na tofauti inayojirudia kwa kanuni. Kiyupik cha kusini magharibi mwa Alaska, lugha ndugu ya hizo, husema ciku, na c hiyo hutamkwa kama ch yetu. Nne, ambayo Greenland ni sisamat, kwa Kiyupik ni cetaman. Penye s huku pana ch kule, neno baada ya neno, na kwa ulinganifu wa namna hiyo wanaisimu Michael Fortescue, Steven Jacobson na Lawrence Kaplan walitunga kamusi linganishi ya lugha hizi, iliyochapishwa mwaka 1994.

Wengine hudhani iglu ni kibanda cha theluji. La hasha: iglu ni nyumba yoyote, hata ya mbao, na Greenland, ambako gl imegeuka kuwa ll, huitwa illu. Kibanda cha theluji kina jina lake, igluvijaq, lililojengwa juu ya neno hilohilo.

Husemwa pia kwamba Eskimo, jina ambalo Wainuit na Wayupik wameitwa na watu wa nje, maana yake ni walaji wa nyama mbichi. Jina hilo lilitoka kwa majirani zao Wainnu wa mashariki mwa Canada, na maelezo yanayokubaliwa na wanaisimu wengi, aliyoyatetea Ives Goddard, yanalihusisha na kusuka viatu vya kutembelea thelujini. Hata hivyo wengi wao hulikataa, na wana haki, kwa kuwa wanayo majina yao: inuit ni wingi wa inuk, yaani mtu, na Yupik ni yuk, mtu, pamoja na kiambishi chenye maana ya halisi.

Mwisho ni dhana kwamba lugha hizi hazikuchanganyika na nyingine. Alaska ilikuwa chini ya Urusi hadi mwaka 1867, na Kiyupik kikachukua kutoka Kirusi kelipaq, mkate, kuskaq, paka, na caayuq. Hilo la mwisho ni chai, na safari hii mfanano na neno letu ni wa kweli, kwani yote mawili chimbuko lake ni China.