Bakshishi haitoshi kumfunga mhudumu

Ukikaa na mameneja wa hoteli za pwani, kuanzia Diani hadi Nungwi, hutakosa kusikia wakisema kuhusu wahudumu wao: "Hawa ukiwalipa, na wageni wakiwapa bakshishi, wanachapa kazi." Ni imani ya siku nyingi, na ina nusu ya ukweli. Mshahara ukichelewa, hakuna tabasamu litakalodumu pale mapokezi.

Lakini pesa huondoa manung'uniko tu. Moyo wa kazi unatoka kwingine. Mwanasaikolojia Frederick Herzberg aliligusa hili mwaka 1959, ingawa aliowahoji walikuwa wahandisi na wahasibu, si wahudumu wa hoteli. Mwaka 1990 mtafiti wa mambo ya kazi William Kahn akaeleza kwamba mtu hujitoa kazini akiona kazi ina maana, akiwa hana hofu ya kuumbuliwa, na akiwa amebakiwa na nguvu.

Mtazame mtandika vitanda. Shuka lina doa. Kama ni lazima amtafute msimamizi, asaini fomu, kisha asubiri ufunguo wa stoo, atajifunza kutoona madoa. Hoteli za kifahari za Ritz-Carlton wanajulikana kwa kumruhusu mfanyakazi atumie hadi dola 2,000 kumaliza tatizo la mgeni bila kuomba ruhusa. Kwetu hata ufunguo wa stoo ungetosha.

Halafu kuna ratiba. Anayefunga baa saa saba usiku na kutakiwa kwenye kifungua kinywa saa kumi na mbili asubuhi, atajitolea kwa lipi? Masika yakiingia, Aprili na Mei, wageni hupungua na wengine hupewa likizo bila malipo. Asiyejua kama ataitwa tena Juni anakuwa ameshaanza kutafuta kwingine, bakshishi ikiwa mfukoni.