Je, wajua kwa nini Uingereza ilikuwa na mawaziri wakuu watatu mwaka 2022 bila uchaguzi mkuu hata mmoja?

Juzi jioni pale kijiweni Isevya, hapa Tabora, muuza kahawa bado anapepea mkaa, dogo mmoja wa kidato cha sita akanishika na swali. "Mjomba, hivi Waingereza walipiga kura mara ngapi mwaka 2022? Maana naona walikuwa na Boris Johnson, akaja Liz Truss, akaja Rishi Sunak, wote mwaka huohuo." Nikamwambia uchaguzi mkuu haukuwepo hata mmoja, wa nyuma ulikuwa Desemba 2019 na uliofuata ulikuja Julai 2024. Mzee aliyekuwa pembeni na kashata yake akaguna, akasema basi hiyo siyo demokrasia. Mi naona ni demokrasia kabisa, ila ni ya aina nyingine, ya mfumo wa kibunge, na uzuri wake na ubaya wake vinatoka sehemu moja.

Tuanzie hapahapa mjini. Meya wa Manispaa ya Tabora we ulimpigia kura lini? Hujawahi. Umempigia diwani wa kata yako, madiwani wakakaa wakachagua mmoja wao awe meya, na wakimchoka upo utaratibu wa wao wenyewe kumtoa huku we uko shamba unapalilia tumbaku yako, habari unaikuta kwenye redio. Mfumo wa kibunge ndo huohuo ila kwa ukubwa wa nchi. Wananchi wanachagua wabunge, wenye wabunge wengi wanaunda serikali, na kiongozi wao anakaa pale kwa sababu wabunge wanamkubali. Siku wakimkataa hana kitu. Rais wetu ni tofauti, anapigiwa kura na nchi nzima kwa miaka 5, na Bunge likitaka kumtoa kuna mashtaka, kuna kamati, kuna theluthi mbili ya wabunge wote.

Wala siyo mambo ya Ulaya tu. Afrika Kusini bosi wao anaitwa Rais lakini anachaguliwa na wabunge, ndo maana mwaka 2024 chama tawala cha ANC kilipopata viti 159 kati ya 400 ikabidi Rais Ramaphosa akakae meza moja na chama cha DA, waliokuwa wapinzani wake wakubwa, ili apate kura za kumrudisha ikulu.

Na sisi wenyewe tulishapita humo. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika inapata uhuru Nyerere alikuwa Waziri Mkuu, hatukuwa na Rais, mkuu wa nchi kwenye makaratasi alikuwa Malkia. Wiki kama sita tu baadaye, Januari 1962, akajiuzulu akaenda kujenga chama na Rashidi Kawawa akashika nafasi. Hakuna mwananchi aliyepiga kura siku hiyo! Mwaka uliofuata... hapana, mwaka huohuo mwishoni, tarehe 9 Desemba 1962, tukawa jamhuri na Nyerere akarudi akiwa Rais.

Hapo Tabora ina sehemu yake na inaniuma kuona vijana wetu hawaijui. Januari 1958 TANU walikutana hapa kugombana kuhusu kura tatu. Mwingereza alikuwa ameweka sharti kwamba kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, kitu cha kutukana watu kwa sababu Waafrika ndo walikuwa karibu nchi nzima, na wajumbe wengi walikuja wameshaamua kususia. Nyerere, aliyesoma sekondari mjini hapahapa, akawashawishi waingie, ndo ule Uamuzi wa Busara. Ukiuangalia kwa macho ya mfumo huu unaona kwa nini aling'ang'ana vile, kwenye utawala wa kibunge ukiwa nje ya bunge uko nje ya kila kitu, viti vile vingeenda kwa wengine na pamoja navyo nafasi ya kuja kuunda serikali.

Sasa uzuri wake. Kiongozi akiharibu hamsubiri miaka. Julai 2022 mawaziri na wasaidizi wa serikali ya Johnson zaidi ya 50 walijiuzulu ndani ya siku chache, akabaki peke yake, akakubali kuondoka, hakuna risasi wala jeshi barabarani. Pia kila Jumatano bunge likiwa linakaa Waziri Mkuu wao anasimama mbele ya wapinzani anaulizwa maswali uso kwa uso (kwetu ni Alhamisi, kwa Waziri Mkuu, siyo Rais).

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha tarehe 28 Machi 1979. Waziri Mkuu James Callaghan alipigiwa kura ya kutokuwa na imani. Mbunge wake mmoja, Alfred Broughton, alikuwa mgonjwa mahututi, madaktari wakasema safari ya gari la wagonjwa inaweza kumuua, na Callaghan akakataa asiletwe. Kura zikahesabiwa, 311 kwa 310. Serikali nzima ikaanguka kwa kura moja! Broughton akafariki siku chache baadaye, na Mei ukafanyika uchaguzi akaingia Margaret Thatcher. Yaani mtu ana serikali, ana polisi, ana jeshi, na anaondoka kwa sababu kura moja imepungua.

Ubaya nao huu hapa. Truss aliingia kwa kura 81,326 za wanachama wa chama chake kwenye nchi ya watu zaidi ya milioni 60, halafu hakumaliza hata miezi miwili. Sunak alipita bila kupingwa. Wapiga kura wa kawaida walikuwa wanaangalia TV kama sisi. Jingine linalonisumbua zaidi ni kwamba serikali inatoka kwenye bunge lilelile linalotakiwa kuikagua, kwa hiyo chama kikiwa na wabunge wengi na wanadhimu wakali wa kuwachunga, inapita karibu kila kitu inachotaka. Na wingi wenyewe unaweza kuwa wa ajabu, Julai 2024 chama cha Labour walipata kama asilimia 34 ya kura lakini wakabeba viti 411 kati ya 650, hiyo inatokana na kuhesabu jimbo kwa jimbo, mwenye nyingi anachukua, kama majimboni kwetu.

Nchi inayogawa viti kwa uwiano wa kura inakwepa hilo ila inaweza kuangukia shimo la pili, hakuna chama kinachotosha peke yake. Ubelgiji baada ya uchaguzi wa 2010 walikaa siku 541 vyama vinabishana nani aungane na nani.

Wajerumani walioona serikali zao zinavyoanguka ovyo kabla ya Hitler waliweka kufuli moja kwenye katiba yao ya 1949, kwamba wabunge hawawezi kumtoa kiongozi mpaka kwa kura hiyohiyo wamchague wa kukaa badala yake. Imefanikiwa mara moja tu, 1982, Helmut Kohl alipomng'oa Helmut Schmidt.

"Sasa mjomba we ungechagua upi?" Nikamwambia ningechukua wa kibunge wenye kufuli la Wajerumani na maswali ya Jumatano ya Waingereza, maana mi naogopa zaidi kiongozi asiyetoka kuliko anayetoka haraka. Mzee wa kashata akakataa katakata, anasema bosi wa nchi lazima apite kijiji kwa kijiji aombe kura mwenyewe, tena watu wakamuunga mkono. Dogo akatoa daftari akaniomba nimtajie taratibu jina la yule mbunge mgonjwa, Broughton, anataka kuingia nalo kwenye mdahalo wa shule Ijumaa.