Saikolojia ya tabia zisizo za kawaida: jinsi matatizo ya akili yanavyotambuliwa na kuelezwa

Saikolojia ya tabia zisizo za kawaida ni tawi la saikolojia linalochunguza fikra, hisia na mienendo inayomtesa mtu au kumzuia kuendesha maisha yake, na kutafuta kwa nini hali hizo hutokea. Uajabu peke yake hautoshi. Mjane anayekaa eda katika nyumba ya Mji wa Kale, Mombasa, hutimiza miezi 4 na siku 10 bila manukato, hina wala mapambo, na hatoki ila kwa haja ya lazima. Mgeni asiyejua angedhani ni mgonjwa aliyejitenga na watu, ilhali majirani wangeshangaa kama asingekaa hivyo.

Kwa hiyo mtaalamu huuliza mambo kadhaa kwa pamoja: je, mwenyewe anaumia, anashindwa na kazi au malezi, hali hiyo imedumu muda gani, na jamaa zake wanaionaje kwa mujibu wa mila na dini yao? Unyogovu, kwa mfano, hauthibitishwi kwa huzuni ya siku mbili tatu, bali dalili zake lazima ziwepo karibu kila siku kwa muda wa wiki 2 au zaidi. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11 lililoanza kutumika mwaka 2022, umeyatambua pia majonzi yaliyopitiliza, yaani yale yanayodumu zaidi ya miezi 6 na kuvuka kiwango kinachotarajiwa katika jamii na dini ya mfiwa. Mila, basi, imeingizwa ndani ya kipimo chenyewe.

Tahadhari hiyo ina sababu. Mwaka 1851 daktari Mmarekani, Samuel Cartwright, alidai kwamba mtumwa anayemtoroka bwana wake ana ugonjwa wa akili. Pwani yetu nayo ilikuwa na watoro wake, na sidhani kuna atakayewaita wagonjwa leo.

Jambo linalochanganya wengi zaidi ni kwamba jina la ugonjwa huchukuliwa kuwa ndiyo sababu yake. Tukisema kijana anasikia sauti kwa sababu ana skizofrenia, tumezunguka palepale, kwa kuwa skizofrenia ni jina la mkusanyiko wa dalili, na kusikia sauti ni mojawapo. Sababu hutafutwa kwingine, wala haikai mahali pamoja. Mwaka 1977 George Engel, daktari wa Marekani, alipendekeza kwamba ugonjwa ueleweke kwa kutazama mwili, nafsi na jamii kwa pamoja, na mtazamo huo ndio unaotumiwa na wengi mpaka sasa.

Mchukue kijana wa Mombasa anayetafuna muguka, majani ya kuchangamsha, usiku kucha bila kulala, kisha anaanza kuwashuku wenzake kwamba wanamsema. Kathinoni, kemikali ya kuchangamsha iliyomo ndani ya majani hayo, huongeza dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe katika ubongo, na dawa nyingi za kutuliza dalili kama hizo huzuia kazi ya dopamini hiyohiyo. Hata hivyo, maskani nzima hutafuna na si wote wanaougua. Ndiyo maana wataalamu husema mtu huwa na wepesi fulani wa kuugua, wa kurithi au wa kutokana na maisha ya utotoni, ambao hudhihirika anapozidiwa na mashaka au kilevi. Pacha wa kufanana wana urithi mmoja, lakini mmoja akipata skizofrenia, mara nyingi mwenziwe haipati.

Nyumbani kwake huenda maelezo yakawa mengine: amepandwa na pepo, au amefanyiwa jambo. Maelezo hayo hayafai kudharauliwa, kwani huikusanya familia kumzunguka mgonjwa na humwondolea lawama ya kwamba amejitakia. Daktari mwenye busara hagombani na kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani kisha zikaoshwa kwa maji ya kunywa. Humwomba mama amnyweshe mwanawe kombe na vidonge vilevile, bila kungoja kimoja kishindwe ndipo kijaribiwe cha pili. Kadiri mtu anavyokaa muda mrefu akisikia sauti bila matibabu, ndivyo kupona kwake kunavyokuwa kugumu zaidi, na katika hilo miezi ina uzito kuliko ubishi juu ya chanzo.