Efterklang si riverbu

Mara ya nne mwezi huu. Binti mmoja mwimbaji, mwenye sauti ya kukufanya usahau chai mpaka ipoe, amekuja studio na wimbo wake kwenye flashi. Kabla hata sijaufungua ameniambia: "Kaka, niwekee mwangwi mwingi, niwe kama ile bendi ya Wadenmark, Efterklang." Nikamwuliza anataka albamu ipi. Akasema: "Si zote ni mwangwi tu? Zamani walijaza, siku hizi wamepunguza."

Nilimpa kiti, nikamsikilizisha hiki na kile, lakini nilipobaki peke yangu usiku nikaona niandike, maana siwezi kuendelea kulieleza jambo hili mtu mmoja mmoja. Nimechanganya muziki miaka kumi na sita. Nyimbo nzuri nilizoona zikizamishwa kwa riverbu, yaani mwangwi wa ukumbi unaoongezwa kwa mashine, ya sekunde nne, na mwenye wimbo akiamini hivyo ndivyo bendi ile inavyofanya, ni nyingi mno.

Jina lenyewe ndilo linalowapoteza watu. Kwa Kidenmark, efter ni baada, klang ni mlio. Efterklang ni mlio unaobaki baada ya mlio, na hutumika pia kwa kile kinachobaki moyoni jambo likishapita. Basi mtu akishajua hivyo anasema: kumbe, wamejiita Riverbu. Hajiulizi mkia ule wa sauti unatoka kwa nani. Ukuta unaweza kuutoa. Chuma kinaweza. Koo za watu zinaweza. Kila albamu ya hawa jamaa ina jibu lake, na huko ndiko mabadiliko yao yaliko. Kitufe cha kuongeza na kupunguza mwangwi hakihusiki sana.

Casper Clausen, Mads Brauer na Rasmus Stolberg walikulia kisiwa cha Als, kusini mwa Denmark, wakahamia Copenhagen, na bendi ikaanza mwaka 2000 pamoja na Thomas Husmer na Rune Mølgaard. Albamu ya kwanza, Tripper, ilitoka 2004 chini ya Leaf, kampuni ya muziki ya Uingereza. Kuna vimilio vidogo vya kompyuta, kama vijiti vinavyovunjika, kuna nyuzi za wale akina dada wa Iceland, Amiina, kuna kwaya, na kuna uimbaji wa kunong'ona uliolazwa katikati ya vyote. Watu husema hii ndiyo albamu ya "mwangwi". Isikilize kwa hedifoni nzuri. Vile vimilio ni vikavu, yaani havina mwangwi, viko karibu na sikio kabisa. Kinachokufanya uhisi uko ukumbini ni kwamba nyuzi zinaingia taratibu bila kishindo cha mwanzo, na sikio likikosa mwanzo wa sauti hudhani chanzo kiko mbali.

Kisha Parades, 2007. Hapa naomba tukae.

Aliyewahi kurekodi kwaya ya kanisa anajua ninachotaka kusema. Waambie watu ishirini waanze pamoja: hawaanzi pamoja. Mmoja anatangulia kidogo, mwingine anamsubiri jirani yake, wa safu ya nyuma wanachelewa nukta moja. Kimo cha sauti nacho hakilingani kabisa, huyu juu unywele, yule chini unywele. Sikio haliwezi kuwatenga mmoja mmoja, linasikia wingu. Na wakifika mwisho wa mstari hawanyamazi kwa mpigo, pumzi zinaisha moja moja, wingu linapungua pole pole. Wewe unayesikiliza kwa spika ya simu unasema: riverbu hiyo! Hapana. Hao ni watu. Parades imejengwa hivyo karibu yote: kwaya, tarumbeta na vyombo vingine vya shaba, nyuzi, wanabendi wenyewe wakiimba kwa pamoja mstari mmoja, ngoma zikiwa kama za gwaride. Mkia wa sauti unatengenezwa na wingi wa waliopo, na kutolingana kwao.

Anayebisha, nina ushahidi. Mwaka 2009 walitoa Performing Parades, albamu ileile ikipigwa jukwaani pamoja na Orkestra Ndogo ya Taifa ya Denmark. Zile tabaka za studio zilizotengenezwa kwa miezi zilibidi zigawiwe kwa wapigaji, kila mmoja na karatasi yake ya nota. Na tabia ya muziki ikabaki ileile. Kama siri ingekuwa kwenye mashine ya riverbu, ingebaki studio kwenye kompyuta. Siri iko kwenye mpangilio: nani anaanza, nani anachelewa, nani anashikilia nota wakati wengine wanapumua. Siku hizi nikisikia mtu anasema "texture" (umbile la sauti) tu halafu ananyamaza, namwomba anionyeshe ni chombo kipi kinachoshikilia. Kwa kawaida hajawahi kuwaza.

Magic Chairs, 2010, nitaipitia haraka, ingawa ndiyo inayoleta ugomvi. Walikuwa wameingia 4AD, kampuni iliyojulikana miaka ya 1980 kwa gitaa zilizolowa riverbu za bendi ya Cocteau Twins. Ungetarajia nao walowe. Wao wakafanya kinyume: piano inayorudia rudia mbele, sauti ya Clausen imetoka kwenye umati na kusimama peke yake, miksi imefanywa na Gareth Jones, yule aliyefanya kazi na Depeche Mode na Einstürzende Neubauten. Wapo wanaosema waliuza utu wao hapa. Mimi naona walimtoa mwimbaji mmoja kwenye kwaya wakataka kujua kama anaweza kusimama. Nakiri kwamba ni albamu ninayoirudia kwa nadra kuliko nyingine, na sijaweza kujieleza kwa nini, maana kila kitu ninachoshauri wateja wangu wafanye kimefanywa humo.

Sasa Piramida.

Agosti 2011, wakiwa wamebaki watatu, walikwenda Pyramiden, mji wa migodi ya makaa ya mawe kwenye visiwa vya Svalbard, karibu na nyuzi 79 kaskazini. Waswidi waliuanzisha 1910, Wasovieti wakaununua 1927, na mwaka 1998 wakazi wakaondoka. Majengo yamebaki, pamoja na piano kubwa kwenye ukumbi wa utamaduni. Jamaa walikaa siku tisa wakirekodi zaidi ya sauti elfu moja: matenki ya mafuta, njia za mbao wakikimbia juu yake, vioo, hiyo piano, nyumba tupu. Mlio wa chuma unaofungua albamu ni wa tenki la mafuta lenye vichomozo kama miiba, vinavyogongwa kimoja kimoja.

Nawaambia vijana hadithi hii, na papo hapo wanasema: "Basi walikwenda kutafuta riverbu ya ukumbi mtupu." Ndipo damu inapochemka. Kuna tofauti kati ya mvumo wa chumba na mvumo wa mwili wa kitu, na tofauti hiyo ndiyo albamu nzima. Ukigonga tenki nje, hewani, hakuna chumba. Kinachoendelea kulia ni chuma chenyewe, kwa sababu chuma hakimezi mtetemo haraka kama ubao au udongo. Weka maikrofoni karibu na utapata sauti kavu yenye mkia mrefu, kitu ambacho riverbu haikupi, kwa sababu riverbu ikirefusha mkia huwa inakusogeza mbali na chanzo. Hapa uko karibu na mkia ni mrefu kwa pamoja. Sikio linashangaa, na mshangao huo ndio watu wanauita "baridi" au "upweke" wa Piramida.

Halafu kuna sampla, mashine inayochukua mlio uliorekodiwa na kuupiga kwa nota za juu au za chini. Chukua mlio wa tenki wa sekunde mbili, ushushe oktavu moja kwa njia ya kawaida ya kupunguza mwendo: unakuwa wa sekunde nne. Ushushe tena, sekunde nane. Kitu kimekuwa kikubwa mara nne bila kuguswa na riverbu yoyote, na mkwaruzo wa mwanzo, ule wa kijiti kugusa chuma, umegeuka kuwa kishindo laini. Tatizo ni kwamba milio ya chuma haina mpangilio wa nota kama uzi au zumari. Sauti zake za juu hazigawanyiki sawasawa na ya chini, hivyo ukiipanga kwenye kinanda, nota moja itakubaliana na besi na ya pili itagombana nayo. Ndiyo maana Piramida ina nafasi nyingi tupu. Chuma hakivumilii msongamano. Ukijaza vyombo kumi juu yake kinanuka uongo.

Hapa nina shaka ambayo sitaificha. Nimejaribu kumpigia Piramida mtu asiyejua habari za Pyramiden kabisa. Alisema ni muziki wa kutulia, labda wa usiku. Hakusema barafu, hakusema mji uliohamwa. Sasa je, mahali pale panasikika kweli, au tunapasikia kwa sababu tumeambiwa na tumeiona filamu ya Andreas Koefoed kuhusu safari ile? Siku moja nasema panasikika, siku nyingine nasema ni hadithi. Nina hakika na jambo moja tu la kifundi: wangechukua milio ya maktaba ya kununua, mikia isingekuwa na urefu ule, na besi isingeachiwa nafasi ile.

Walicheza Piramida mara ya kwanza Sydney Opera House, Mei 2012, pamoja na Sydney Symphony, miezi kadhaa kabla albamu haijatoka. Februari 2014 wakapiga Sønderborg, kwao, onyesho walilolitangaza kuwa la mwisho. Lilikuwa la mwisho kwa sura ile. Wakaanzisha bendi nyingine, Liima, na mpiga ngoma Mfini Tatu Rönkkö, wakaandika opera na Karsten Fundal iliyochezwa 2015 kwenye handaki chini ya hospitali ya zamani ya Copenhagen.

Mwaka 2019 ikaja Altid Sammen, "pamoja daima", yote kwa Kidenmark kwa mara ya kwanza, pamoja na B.O.X, kundi la Ubelgiji linalopiga vyombo vya enzi za baroki, karne za 17 na 18. Kuna teorbo, chombo cha nyuzi chenye shingo ndefu kuliko mkono wa mtu. Ni cha ukoo wa lute, na lute jina na asili yake ni al-ud, udi uleule wa taarab yetu. Mpenzi wa taarab atanielewa haraka kuliko mpenzi wa sinthesaiza: uzi wa udi hufa mapema. Unadonolewa, unasema, unanyamaza. Basi mkia utoke wapi? Kwenye albamu hii unatoka kwa waimbaji na kwenye lugha. Kidenmark hulainisha konsonanti zake, d ya katikati ya neno inasikika kama imeyeyuka mdomoni, kwa hiyo neno linateleza kuingia katika neno. Hapo ndipo palipo na efterklang, kwenye ulimi wa mtu.

Windflowers ya 2021, iliyorekodiwa kisiwa cha Møn, ni nyepesi, wako watatu na mashine zao, na ninaipenda kwa sababu hiyo. Things We Have in Common ya 2024 imemrudisha Rune Mølgaard kwenye utunzi, na kwaya imerudi nayo. Duara, wengine watasema. Mimi sioni duara, maana Clausen wa Tripper alikuwa anajificha ndani ya kwaya, na huyu wa 2024 anaimba mbele yake.

Nimrudie binti. Nilimwambia: "Mdogo wangu, Kiswahili karibu kila silabi inaishia kwenye irabu. Mkia unao tayari mdomoni, kwa nini unataka kununua mwingine?" Alhamisi akaja na shangazi yake, majirani wawili na kaka yake mdogo ambaye sauti ndiyo kwanza inavunjika. Tuliwasimamisha ukumbi mdogo wa mlangoni, maikrofoni mbili, wakaimba mstari wa mwisho mara sita. Treki sita, watu watano, riverbu nimezima yote. Shangazi anachelewa kila mara kwenye neno "rudi", na sijamgusa. Bado besi inapigana na sauti ya yule kijana, Jumatatu tunairekodi upya.