Kioo cha gari kikigoma, si lazima mota imekufa

Kioo cha umeme kikigoma, hukumu mtaani ni moja: mota imekufa. Mwenye gari anateremka Unga Limited, Arusha, ananunua mota ya mtumba, inafungwa, na kioo kinabaki vilevile. Mota ni mtuhumiwa mmoja tu, na kumchunguza hakuhitaji hata bisibisi.

Zima redio, washa swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, kisha bonyeza kitufe sikio likiwa karibu na mlango. Mota ikivuma na kioo kisisogee, kwa kawaida mota ni nzima. Kilichokufa ni mashine ya kioo, ile inayokipandisha na kukishusha: mara nyingi waya wake wa chuma umekatika au plastiki zinazobeba kioo zimepasuka. Kukiwa kimya lakini taa za dashibodi zinafifia kidogo kila ukibonyeza, umeme unafika ila kuna kitu kimekwama. Kimya kabisa, taa hazitikisiki? Hapo tafuta umeme ulipoishia: fyuzi, swichi au waya.

Hukumu nyingine za mtaani nazo zipimwe. “Vioo vya abiria vimekufa vyote kwa pamoja, waya zimeungua.” Angalia kwanza kitufe cha kuzuia vioo vya abiria kwenye mlango wa dereva. Huenda mtoto kakibonyeza. Wapo waliolipa fundi kwa hili.

“Fyuzi ikiungua kila mara, weka kubwa zaidi.” Huu ndio ushauri mbaya kuliko yote. Fyuzi iko pale kulinda waya. Ukiondoa ya ampea 20 ukaweka ya 30, kitakachopata moto kwanza ni waya wenyewe, ndani ya mlango au chini ya kapeti usikokuona. Fyuzi inayorudia kuungua inakwambia kuna mota inayokwama au waya unaogusa bodi, na mahali pa kuanzia ni kwenye bomba la mpira kati ya mlango na nguzo ya gari. Waya za hapo hukunjwa kila mlango unapofunguliwa. Vuta ule mpira, shika waya mmoja mmoja, uvute taratibu: uliokatika ndani hutanuka kama mpira wa manati, maana shaba imeachana na limebaki ganda tu. Dalili yake ni kioo kinachokubali mlango ukiwa wazi na kukataa ukifungwa. Ongezea kipande cha waya na uchomelee kwa risasi. Kusokota na kuzungushia solteipu hakudumu mahali panapokunjwa hivyo.

“Kioo kizito kinataka grisi.” Kwa vumbi letu, la Mererani au la mashamba ya miwa ya TPC, Moshi, grisi inageuka tope linalosaga raba na kioo. Mafuta ya injini nayo huvimbisha mpira. Funga kitambaa chenye unyevu kwenye rula, pitisha kwenye mfereji wa kioo hadi kitoke safi, acha pakauke, kisha puliza kilainishi cha silikoni. Kioo kizito huchemsha mota, na mota nyingi zina kinga inayojikata zikipata joto. Ndiyo maana kioo kilichogoma kwenye foleni hukubali ukifika nyumbani, na watu husema kimejitengeneza.

“Kufungua kava la mlango ni kazi ya gereji.” Kwa Toyota nyingi ni skrubu chache kwenye kitasa na sehemu ya kuegemea mkono, kisha klipsi za pembeni. Toa kwanza waya wa negativu wa betri. Nailoni ya ndani ibandue bila kuichana: maji ya mvua hupita ndani ya mlango na kutokea matundu ya chini, na hiyo nailoni ndiyo inayoyazuia yasilowanishe kapeti. Kabla ya kulegeza boliti za mashine, bandika kioo juu kwenye fremu kwa solteipu pana, na vidole vyako vikae mbali na njia yake.

Betri ikirudishwa, kioo cha kupanda chenyewe kinaweza kusahau kazi yake. Swichi haijaharibika: kipandishe hadi juu na uendelee kushikilia kitufe sekunde chache.

Na kama kimegoma wazi huku masika yananyesha, chomoa plagi ya mota na uipe mota umeme wa betri moja kwa moja kwa waya mbili. Kikishuka badala ya kupanda, geuza waya. Njia hii ni ya mota yenye waya mbili tu. Zenye waya zaidi zina saketi ndani, usiziguse.