Maji baridi ni nini, na je, samaki wake atiliwe chumvi?

Katika nyumba za kale za Lamu, birika la chooni lilikuwa na wakazi wake. Watu walitia humo samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika hujengewa bakuli la kaure, ili maji yakipungua sana samaki wabaki na pahali pa kukaa. Maji yalitoka kisimani, na samaki waliishi na chumvi ile ile yaliyokuja nayo.

Juzi kijana mmoja wa Langoni, aliyejinunulia tangi la kioo na gapi kumi, samaki wadogo wa mapambo, aliniuliza: "Ami, dukani wameniambia nitie chumvi kila wiki. Nitie?"

Jibu limo ndani ya neno lenyewe. Maji baridi si maji yenye baridi (saa nane mchana hapa kwetu hata ya mfereji ni vuguvugu), kama vile maji matamu yasivyokuwa na sukari. Wala si maji yasiyo na chumvi kabisa. Kwa samaki, maji baridi ni maji yaliyo chapwa kuliko damu yake. Damu ya samaki wa mtoni ina chumvi ya kadiri ya gramu 9 kwa lita. Bahari ina kama 35. Mto, au kisima kizuri, kwa kawaida haufiki hata gramu moja.

Maji hupenya utando mwembamba kutoka upande ulio chapwa kwenda upande uliokolea. Wanasayansi huiita osmosisi. Mpishi anaijua bila jina. Nyunyizia vitunguu vya kachumbari chumvi, ngoja kidogo, utakuta bakuli lina maji. Ng'onda, samaki mkavu, naye hukaushwa hivyo hivyo, chumvi ikimtoa maji kabla jua halijamaliza kazi. Samaki wa bahari anaishi na tatizo hilo la ng'onda akiwa hai: maji yanamtoka usiku na mchana, kwa hiyo hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi ya ziada kupitia matamvua. Wa maji baridi ni kama maharagwe yaliyorowekwa. Maji yanamwingia tu. Hana haja ya kunywa. Kazi yake ni kukojoa, mkojo mwingi na mwepesi, huku matamvua yakiokota majini chumvi kidogo iliyopo ili kufidia inayompotea. Inamlia nguvu kazi hiyo, lakini ndiyo aliyoumbiwa.

Kwa hiyo samaki mzima, kwenye maji safi, hahitaji kutiliwa chumvi. Nilimwambia kijana hivyo, akaonekana kusikitika. Alikwisha kununua pakiti.

Pakiti hiyo ina siku yake. Samaki aliyechubuka, au aliyechoshwa na safari, hupoteza chumvi kwa kasi na maji humwingia zaidi. Gramu moja kwa lita inapunguza tofauti kati ya damu na maji, naye anapata nafuu. Tangi jipya nalo huwa na hatari ya nitriti, sumu inayotokana na uchafu wa samaki wakati vijidudu vya kuusafisha havijatosha. Inaingia kupitia matamvua na kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Kloridi iliyomo ndani ya chumvi hugombania mlango ule ule, basi nitriti inayopita ni kidogo. Na kwa vimelea vya ugonjwa wa madoadoa meupe, gramu 2 hadi 3 kwa lita kwa muda wa wiki mbili hivi huviua vinapoogelea nje ya samaki. Vilivyokwisha kujichimbia ngozini havidhuriki, na ndiyo sababu ya kungoja muda wote huo.

Si kila kiumbe huvumilia. Gapi hawajali sana, samaki wengine huumia mapema, na mimea mingi ya tangini hunyauka.

Kwa mtungi wa lita 20, gramu moja kwa lita ni kama vijiko vinne vya chai, vilivyosawazishwa. Koroga kwanza ndani ya kikombe, kisha mimina kidogo kidogo, usimwagie samaki kichwani. Chumvi ya jikoni inafaa mradi haina viungo. Madini joto yaliyomo ni kidogo mno kumdhuru samaki. Lakini onja maji kabla ya kutia chochote. Visima vya Shela, kisiwani Lamu, hupata mvua iliyochujwa na matuta ya mchanga, na maji hayo matamu huelea juu ya ya bahari yaliyo mazito zaidi. Kisima kikivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Huenda mtungi wako umetiliwa tayari.

Kosa la "kila wiki" ni kudhani chumvi huisha kama chakula. Kule Gongoni, kaskazini ya Malindi, maji ya bahari huanikwa juani mpaka yapotee, na inayobaki ndiyo hupakiwa magunia. Tangi lako linafanya vivyo hivyo polepole. Maji yakipungua kwa mvuke, jazia maji matupu. Ukitaka kuiondoa chumvi, badilisha maji: ukitoa nusu na kujaza mapya inabaki nusu, ukirudia tena inabaki robo.