Limfoma ya gama-delta ya ngozi ni nini?

Limfoma ni saratani ya limfosaiti, seli nyeupe za damu zinazoulinda mwili. Wengi huijua kwa tezi zilizovimba shingoni au kwapani. Hii huanzia kwenye ngozi, na jina lake linatokana na kitu kidogo mno: kipokezi, yaani protini ya kutambua vitu vigeni, kilicho juu ya seli T, aina mojawapo ya limfosaiti. Nyingi ya seli hizo hubeba kipokezi cha alfa-beta. Chache hubeba cha gama-delta. Zikiharibika hizo chache, saratani huwa kali, na wengi wa wagonjwa hawavuki miaka 5. Bahati nzuri, haufiki hata asilimia 1 ya limfoma za ngozi.

Huanza kama uvimbe mgumu, mara nyingi pajani au mguuni, wenye rangi ya damu iliyovilia. Baadaye katikati hufa, hugeuka nyeusi, hubaki kidonda. Mgonjwa hutibiwa jipu, dozi ya antibayotiki inaisha, kidonda hakifungi.

Kinachotoa jibu ni kipimo cha kinyama, yaani kipande kidogo cha ngozi, nacho kikatwe hadi kwenye mafuta yaliyo chini yake. Kukwangua ngozi ya juu ni kupoteza muda, maana huenda ugonjwa umejificha chini. Maabara hukipaka kinyama kingamwili zenye rangi: seli hizi kwa kawaida hazina CD4 wala CD8, protini zinazotambulisha aina za seli T, ila kipokezi cha gama-delta huonekana.

Mbona usumbufu wote huo? Kuna limfoma nyingine ya kwenye mafuta, ya alfa-beta, inayofanana nayo kama pacha. Zamani zilihesabiwa ugonjwa mmoja, mpaka uainishaji wa mwaka 2005 ulipozitenga. Ile mara nyingi hutulizwa kwa steroidi au siklosporini, dawa za kupunguza nguvu ya kinga. Hii haitulizwi hivyo.

Homa isiyoshuka, damu kupungua na feritini (protini inayohifadhi madini ya chuma) kupanda juu sana ni dharura: huenda kinga imeanza kumeza seli za damu za mwenyewe.

Limfoma hii hutibiwa kwa mchanganyiko wa dawa za saratani, kama CHOP. Mionzi husaidia kidonda kinachouma. Tatizo ni kwamba uvimbe hunywea, kisha hurudi. Kwa hiyo mwenye nguvu za kutosha hupandikizwa seli mama za damu za mtu mwingine wakati ugonjwa umetulia, na nafasi hiyo ni fupi. Ndiyo maana ndugu zake huitwa kupimwa kama wanalingana naye huku dripu ya kwanza ingali inaning'inia.